Bodi ya mradi wako: bredibodi, Veroboard au ya kuchapisha?

Haya, leo tuache mambo ya programu kidogo, tuzungumze juu ya vitu vya kushika kwa mikono. Kila anayeanza kuchezea maikrokontrola huuliza swali lile lile: ninunue Arduino, ESP32 au Raspberry Pi Pico? Ni swali zuri na majibu yake yamejaa kila mahali. Lakini kuna swali jingine ambalo wachache huuliza, na naona ndilo linaloamua kama mradi utaishi au utafia mezani: hizo waya, rezista na sensa zako utaziunganisha juu ya nini?

Sisi tunaoandika programu swali hili hutupita kirahisi. Tumezoea kwamba kitu kikifanya kazi leo, na hakuna aliyekigusa, kesho kitafanya kazi vile vile. (Najua, wanaosimamia seva wanacheka.) Kwenye saketi mambo si hivyo. Programu yako hailegei kwa sababu mtu amefunga mlango kwa nguvu. Waya hulegea.

Nitaeleza kwa mradi mmoja wa kweli, maana kuzungumza juu ya bodi bila kitu cha kuweka juu yake ni kama kuzungumza juu ya sufuria bila chakula. Mradi wenyewe ni kiangulio cha mayai cha shangazi yangu huko Vihiga. Yeye na wenzake katika chama chao walichanga pesa wakanunua trei mbili za mayai ya kienyeji yenye mbegu, yaani mayai 60, wakatengenezewa sanduku la mbao lenye feni na balbu mbili za kupasha joto. Kilichobaki ni kitu cha kuwasha na kuzima hizo balbu. Hapo ndipo nilipopigiwa simu, kwa sababu mimi "ndiye wa kompyuta".

Yai la kuku huangua kwa siku 21. Ndani ya sanduku lenye feni joto linatakiwa likae karibu na nyuzi 37.5, mchana na usiku. Siku 21 ni saa 504. Na mimi ninakaa Nairobi, zaidi ya kilomita 300 kutoka kwenye hilo sanduku. Shangazi hakuniuliza ninatumia chipu gani. Aliniuliza jambo moja tu: "Sasa mwanangu, hiyo kitu yako ikizimika usiku, nitajuaje?"

Nilianza kwenye bredibodi, kama ilivyo desturi. Jina lake lina historia ya kuchekesha kidogo: zamani wachezea redio walichukua ubao wa kukatia mkate jikoni, wakapigilia misumari na kuviringishia waya zao hapo. Hii ya plastiki tunayoitumia leo ilikuja miaka ya mwanzo ya 1970, ilipobuniwa na Ronald Portugal wa kampuni ya E&L Instruments huko Marekani. Ndani ya kila safu ya matundu matano kuna kibano cha chuma kinachoshika miguu ya vifaa. Umbali kutoka tundu hadi tundu ni milimita 2.54, yaani sehemu ya kumi ya inchi, na kipimo hicho kimeshikiliwa na karibu kila kitu katika ulimwengu wa wachezea elektroniki. Unachomeka, unachomoa, unabadili mawazo. Kwa kazi ya kuuliza maswali hakuna kinachoishinda.

Nayo maswali niliyokuwa nayo yalikuwa mengi. Sensa ya joto DS18B20 inatosha, au nitafute nyingine? Rilei ibofye mara ngapi kwa saa? Balbu zikizimwa, joto linaendelea kupanda kwa muda gani kabla ya kushuka? Hayo yote niliyajibu mezani kwangu kwa majuma mawili, sanduku la katoni likiwa badala ya lile la mbao, na hakuna yai hata moja ndani.

Wakati huo huo bredibodi ikanionyesha tabia zake. Kuna kipimo ambacho kila aliyetumia DS18B20 amewahi kukiona: nyuzi 127 chini ya sufuri. Hilo si joto. Ndivyo maktaba ya programu inavyosema "siioni sensa". Kuna kingine, nyuzi 85 kamili, ambacho ndicho sensa hutoa ikiwa imewashwa upya na haijapima chochote bado. Kwangu vyote viwili vilitokea siku moja, baada ya mtu kupitisha ufagio chini ya meza. Mguu wa rezista ya kilo-ohm 4.7, ile inayovuta waya wa data juu, ulikuwa umesogea labda nusu milimita tu.

Sasa fikiria maana yake. Programu inasema: joto likiwa chini ya 37.5 washa balbu, likiwa juu zima. Ikisoma 127 chini ya sufuri itawasha balbu na kuziacha hivyo, na mayai yatachemka polepole. Ikishikilia 85 itazizima, na mayai yatapoa. Rezista moja ya bei ya peremende, na pesa za chama zimekwenda.

Bila shaka programu inaweza kujilinda. Yangu inakataa kipimo chochote kilicho chini ya nyuzi 5 au juu ya 45, na ikikosa kipimo kinachoeleweka kwa dakika moja inazima balbu na kupiga kengele (hilo ndilo lililokuwa jibu la swali la shangazi). Lakini programu inaweza tu kugundua kwamba waya umelegea. Haiwezi kuukaza.

Kwa hiyo hesabu yangu ya kuchagua bodi haianzii kwenye bei. Huanzia kwenye mambo mawili: kitu hiki kinatakiwa kukaa kikifanya kazi kwa muda gani bila kuguswa, na siku kikikataa, nani atakuwa amesimama mbele yake? Ikiwa jibu ni "saa mbili, na ni mimi mwenyewe", tumia bredibodi bila wasiwasi. Ikiwa jibu ni "siku 21, na ni mama wa miaka 60 mwenye tochi ya simu", funga bredibodi kwenye droo.

Kabla ya kuifunga, niongeze machache kwa anayekwenda kununua, kwa sababu bredibodi si zote sawa. Ukiwa Luthuli Avenue usione haya kuomba kujaribu. Chomeka mguu wa rezista kwenye tundu, geuza bodi juu chini, itikise. Ikianguka, mrudishie mwenye duka kwa adabu. Pima pia zile njia ndefu za umeme za pembeni. Katika baadhi ya bodi za matundu 830 njia hizo zimekatika katikati, kwa hiyo nusu ya saketi yako itakosa umeme na utaanza kuilaumu programu. Usichomeke miguu minene, inapanua vibano na havirudi tena. Na kama una ESP32, angalia upana wake kwanza: nyingi ya zile za kawaida hufunika matundu karibu yote na kukuachia safu moja upande mmoja, au usipate hata hiyo. Dawa ni kuweka bredibodi mbili sambamba, chipu ikakaa juu kama daraja. Raspberry Pi Pico haina shida hiyo, ina upana wa milimita 21 tu na inakaa vizuri.

Haya, baada ya bredibodi kuna njia tatu.

Ya kwanza ni bodi ya matundu matupu, ambayo kila tundu lina kiduara chake cha shaba kisichounganishwa na kingine. Unaunganisha mwenyewe kwa waya au kwa kuburuta lehemu kutoka kiduara hadi kiduara. Inakupa uhuru wote, na huo uhuru ndio taabu yake, maana kila muungano ni kazi ya mkono wako. Kuna za kahawia za karatasi iliyoshikwa kwa gundi ngumu, zenye shaba upande mmoja, na kuna za kijani za nyuzi za kioo, zenye shaba pande zote mbili na ndani ya matundu. Za kahawia ni rahisi kukata kwa kisu na kuvunja. Lakini chuma cha kulehemu kikikaa sekunde chache za ziada, kiduara kinabanduka kama stika. Za kijani huvumilia zaidi. Ukiwa mwanafunzi wa kulehemu, ongeza hizo shilingi ununue ya kijani.

Ya pili ni Veroboard, Mwingereza wa miaka ya 1960 ambaye hajazeeka. Ina matundu yale yale, ila shaba imelazwa kwa mistari mirefu kutoka ukingo hadi ukingo. Kazi yako ni kukata mistari pale ambapo haitakiwi kuendelea, kwa kuzungusha ncha ya drili ya milimita 4 kwa mkono juu ya tundu mpaka shaba iishe. Uzuri wake ni kwamba inafanana na bredibodi kimawazo: safu ni safu. Ulichokipanga mezani unaweza kukihamisha karibu kama kilivyo.

Ya tatu ni kuchora bodi yako kwa kompyuta na kuagiza ichapishwe. Nitairudia.

Kwa kiangulio nilichagua Veroboard. Sababu ya kwanza ni safari. Kifaa hiki kingesafiri kwa basi usiku kucha, kisha kwa bodaboda. Sababu ya pili ni fundi. Pale sokoni karibu na kwa shangazi kuna fundi wa redio, mzee ambaye amekuwa akifufua redio tangu nikiwa mtoto. Hana kompyuta. Ana chuma cha kulehemu, multimita na macho. Akigeuza Veroboard ataona mistari ya shaba, ataifuata kwa ncha ya multimita na kujua kipi kimekatika. Mpe bodi yenye vifaa vidogo kama punje za mtama vilivyolehemiwa na mashine, naye atakurudishia kwa heshima.

Ndiyo maana pia sikupeleka ESP32. Nilitumia ATmega328P, chipu ile ile iliyo ndani ya Arduino Uno, lakini yenyewe peke yake, ile ya miguu 28 inayokaa kwenye soketi. Inaweza kutumia saa yake ya ndani ya megahezi 8, kwa hiyo kristali na kapasita zake mbili ndogo nikaziacha nje. Kila kifaa usichoweka ni sehemu mbili ambazo hazitapata ufa. Chipu ya akiba, tayari ina programu, ipo kwenye kibahasha kilichobandikwa ndani ya kifuniko.

Pengine utauliza kwa nini nisichukue Arduino Uno nzima na kuichomekea kipande cha Veroboard juu yake. Jaribu uone! Safu ya pini za upande wa kidijitali ina pengo la ajabu kati ya pini ya 7 na ya 8: milimita 4.06 badala ya kipimo kinachofuata milimita 2.54. Kosa hilo la uchoraji lilifanyika mwanzoni huko Italia, na kufikia wakati lilipogunduliwa tayari kulikuwa na bodi nyingi za nyongeza, basi likaachwa libaki milele. Bodi za kawaida za matundu haziingii hapo bila kupinda pini. Sisi wa programu tunalijua vizuri jambo hili, kosa linaloishi miaka mingi kwa sababu watu wameshalizoea.

Kupanga Veroboard kunataka daftari la mraba, lile la hesabu la shule ya msingi. Mraba mmoja ni tundu moja. Ninachora nikitazama kutoka juu, upande wa vifaa, na pale pa kukata naweka alama ya X. Jambo la kuangalia ni kwamba unapogeuza bodi ili ukate, kushoto kumekuwa kulia. Mimi huinua karatasi dirishani, nageuza, nachora upya kwa nyuma nikifuata mwanga. Dakika tano tu. Baada ya kukata, na kabla ya kulehemu chochote, napima kila mkato kwa multimita, maana unywele wa shaba unaweza kubaki pale na jicho lisiuone.

Kwa ncha za waya nilitumia viunganishi vya skrubu vyenye nafasi ya milimita 5.08, ambayo ni mara mbili ya 2.54, kwa hiyo vinakaa kwenye matundu bila ugomvi. Kuna vingine vya milimita 5.00 vinavyofanana navyo kabisa. Vya ncha mbili vitaingia. Vya ncha nane utavisukuma mpaka uchoke.

Na kuna jambo moja ambalo sina mjadala nalo: umeme wa volti 240 hauingii kwenye bredibodi wala kwenye Veroboard. Nafasi kati ya mstari na mstari wa shaba haifiki hata milimita moja. Rilei ya balbu ipo kwenye bodi yake ya kiwandani, ndani ya kisanduku chake, na kinachotoka kwenye Veroboard kwenda huko ni waya tatu za volti 5. Bodi yenyewe ipo nje ya sanduku la mayai, kwa sababu ndani kuna sahani ya maji na unyevu mwingi. Sehemu za lehemu nilizisafisha kwa spiriti, kisha nikazipaka rangi ya kucha isiyo na rangi. Dada yangu bado anaitafuta hiyo chupa.

Kazi yote ya kulehemu ilichukua jioni mbili. Stima ilipotea mara tatu katika zile siku 21, mara moja kwa karibu saa tatu, na hapo bodi haiwezi kusaidia. Shangazi alifunika sanduku kwa blanketi. Bodi iliporudishiwa umeme iliamka yenyewe na kuendelea kuhesabu siku kutoka pale ilipoishia, maana hesabu inahifadhiwa ndani ya chipu. Kengele ililia mara moja, alasiri, mbuzi alipotafuna waya wa sensa. Fundi wa redio aliuunga kwa shilingi 50. Siku ya saba walimulika mayai kwa tochi wakatoa 9 yasiyo na mbegu. Kati ya 51 yaliyobaki, vifaranga 41 walitoka.

Sasa ndipo ile njia ya tatu inaingia, kwa sababu chama kinataka viangulio vingine vitano. Veroboard moja ni jioni mbili. Tano ni jioni kumi, na kufikia ya nne macho yamechoka na mikato inaanza kusahaulika. Hapa hesabu inageuka. Nimechora saketi ile ile kwa KiCad, ambayo ni ya bure na inafanya kazi vizuri kwenye Linux. Viwanda vya Shenzhen huchapisha bodi tano za chini ya milimita 100 kwa 100 kwa dola chache tu, ingawa usafiri huwa ghali kuliko bodi zenyewe, na lazima uwe na subira. Siwezi kumshauri mtu aanzie hapo. Ukiagiza kabla hujamaliza maswali yako, utapata nakala tano za kitu ambacho bado hujakijua. Lakini saketi ambayo imeshafanya kazi saa 504 mahali pake halisi haina maswali mengi yaliyobaki.

Nimeacha vifaa vyote viwe vya miguu mirefu, vya kupita kwenye matundu, na mistari ya shaba nimeifanya minene kuliko inavyohitajika, ili yule mzee aweze kuifuata. Maandishi meupe ya juu ya bodi nimeyaandika kwa Kiswahili: JOTO, FENI, BALBU, KENGELE. Nilipomtumia shangazi picha aliitazama kisha akanipigia. "Na namba ya fundi umeandika wapi?" Nimeongeza mstatili mweupe pembeni, milimita 30 kwa 10, wa kuandikia kwa kalamu.